Kupunguza wanga kwa chakula cha jikoni kwako: hatua kwa hatua

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Mteja akija kupimwa, kabla sijamaliza kumzungushia tepu kiunoni swali linatoka: "Dada, wewe umefanyaje?" Wengi wananikumbuka nilipokuwa na kilo 93. Sasa nina 80, na kiuno kilichokuwa sentimita 106 kimefika 92. Imenichukua miezi kumi na minne. Maswali ni yaleyale kila wiki, ya ugali, ya matunda, ya dawa za sukari, ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja ili anayeanza aanze salama.

Kilichonisukuma mimi ni vipimo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 6.4 (mmol/L) na presha 148 kwa 94. Daktari akaniambia sijafika kwenye kisukari ila niko njiani: ikifika 7.0 na vipimo vikarudiwa vikasema hivyohivyo, basi tayari. Leo asubuhi inasoma kati ya 5.2 na 5.5.

Nieleze mapema kwamba ninachofundisha hapa ni kupunguza wanga, yaani ugali, wali, sukari na jamii yake, siyo keto. Keto inashusha wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku, na madaktari walianza kuitumia miaka ya 1920 kwa wagonjwa wa kifafa. Mimi nakaa kwenye gramu 100 hadi 130, kiwango ambacho mtu anayeishi na familia, anayealikwa harusini na anayekula kwa mama ntilie anaweza kukimudu. Wala sisemi njia hii inazishinda nyingine zote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili, hawa wakapunguza wanga, wale wakapunguza mafuta. Baada ya mwaka, wote walikuwa wamepungua, na tofauti baina ya makundi ilikuwa ndogo sana. Mimi nilichagua wanga kwa sababu sukari ndiyo iliyokuwa shida yangu, na kwa sababu nikila mayai na samaki njaa hainisumbui.

Soma hapa kabla ya kugusa sahani yako

Mama yangu mdogo ana kisukari, mwaka huu ni wa tisa. Aliniona napungua, akaacha ugali na wali vyote kwa ghafla. Hakuniuliza kuhusu dawa zake, na mimi, niliyekuwa namsifia kila jioni, sikumuuliza. Siku ya tatu, yapata saa tano asubuhi, alikuja kukaa hapa kwenye kiti cha wateja. Feni inazunguka, yeye jasho linamtoka usoni. Alitaka kunipa hela ya uzi aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Vidole vikawa vinatetemeka, analivuta lile fundo halifunguki, analivuta tena. Nilipomwita akanitazama kama hanijui.

Mashine ya sukari ilisoma 2.7. Nilikoroga vijiko vinne vya sukari kwenye glasi ya maji, akanywa taratibu mpaka akaimaliza. Baada ya dakika 15 ikasoma 4.6, akaniuliza kwa nini nalia. Alikuwa amemeza glibenclamide asubuhi kama kawaida. Dawa ile huliamsha kongosho litoe insulini ya kushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu, na yeye ugali wa kuipokea hiyo insulini alikuwa ameuacha.

Kwa hiyo, tafadhali, toa boksi la dawa zako usome. Majina nayaandika kama yalivyochapwa ili uyalinganishe.

Ukiwa unachoma insulini, au unameza glibenclamide, gliclazide au glimepiride, usipunguze wanga hata kwa siku moja kabla ya kuonana na daktari akakupangia dozi upya. Dawa zinazoishia na "gliflozin", kama dapagliflozin na empagliflozin, zina hatari nyingine: mtu akikata wanga sana huku akizitumia, damu inaweza kujaa asidi ilhali mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Metformin peke yake haiishushi sukari kwa kiwango cha hatari, lakini mwambie daktari vilevile. Dawa za presha nazo: uzito na chumvi vikishuka mwilini, dozi ya zamani inaweza kukuzidi ukaanza kuona kizunguzungu ukisimama.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mtoto, na aliyewahi kuumwa kwa kujinyima chakula, hao mwongozo huu hauwahusu. Waende kwa daktari au mtaalamu wa lishe wapangiwe wa kwao.

Unachohitaji

- Tepu ya fundi. Nasema hivi siyo kwa sababu ni kazi yangu. Kiuno kinasema ukweli wiki ambazo mizani imegoma.
- Mizani. Ya duka la dawa mtaani inatosha, ila tumia hiyohiyo kila mara.
- Daftari na kalamu.
- Vipimo vya mwanzo: presha, sukari ya kufunga (ile ya asubuhi kabla ya kula), sukari ya miezi mitatu (kwenye karatasi utaona HbA1c), mafuta ya damu na figo. Karatasi uzitunze, utazihitaji kulinganisha.
- Mashine ya sukari na vijiti vyake, kama una kisukari. Hapa usibane hela.
- Bakuli moja dogo, la kupimia wanga wako.

Huhitaji unga wa lozi, wala mafuta ya kopo yanayouzwa kwa bei ya kuku mzima, wala majani ya chai ya kukata tumbo. Chakula changu chote natoa sokoni na kwa wavuvi: mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, kabichi na karoti zinazoshuka kutoka Lushoto, dagaa, mayai, parachichi.

Hatua

1. Andika unachokula kwa siku tatu, bila kubadili kitu. Kila kitu, hadi andazi la nusu uliloonjeshwa. Mimi nilikuwa naapa kwamba sili sana. Daftari likaonyesha vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kikombe. Kijiko cha chai ni kama gramu 4 za sukari, kwa hiyo nilikuwa nakunywa gramu 36 kabla sijahesabu maandazi, ugali wa mchana, soda ya saa kumi na wali wa usiku. Ukiruka hatua hii utakata vitu usivyokula na kuviacha vinavyokuumiza.

2. Anza na vinywaji, wiki nzima ya kwanza. Chakula usikiguse bado. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko tisa. Juisi ya miwa, juisi ya embe na juisi ya boksi haziko mbali na hapo. Asali nayo mwilini ni sukari.

Chai usiikate ghafla, utairudia. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku tatu. Iliki, mdalasini, tangawizi na mchaichai vinasaidia sana, kwa sababu ulimi unataka ladha hata kama siyo utamu. Mimi nilifika sifuri wiki ya nne, na sasa chai yenye vijiko vitatu siwezi kuimaliza.

3. Badili chakula cha asubuhi. Chai na maandazi ni wanga juu ya wanga, ndiyo maana saa nne unatafuta kingine. Weka mayai mawili na mchicha uliokaangwa na kitunguu. Au supu ya samaki, ya kuku au ya pweza bila chapati, ukakamulia ndimu. Au mtindi usiotiwa sukari na karanga za kukaanga kiganja kimoja. Au kiporo cha samaki wa jana na parachichi nusu; hicho ndicho changu siku nyingi, kwa sababu nawahi kibandani na hakihitaji kupika.

Kaa hapa wiki moja kabla hujaenda hatua ya nne.

4. Panga upya sahani ya mchana na ya usiku. Hii ndiyo kazi yenyewe.

Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe kitoweo: samaki, dagaa, nyama, kuku, mayai. Robo iliyobaki iwe wanga, usiozidi ngumi yako mwenyewe. Pima kwa lile bakuli dogo mpaka jicho lizoee.

Pakua mboga kwanza. Ukianza na ugali, mboga itakosa nafasi na utarudia uleule mlima na kidimbwi cha mchuzi pembeni. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga kama gramu 75. Robo kilo ya unga, ambayo mtu mwenye njaa anaimaliza peke yake kwa mlo mmoja, ina gramu 190 hivi. Hiyo ni zaidi ya ninachokula mimi kutwa nzima.

Swali la dona linakuja kila siku. Dona ni bora kuliko sembe kwa makapi na virutubisho vyake, nami nyumbani napika dona. Lakini wanga wake hauko mbali na wa sembe, kwa hiyo ngumi inabaki ngumi. Mihogo, viazi vitamu, viazi mviringo, ndizi za kupika, magimbi, tambi na uji wa lishe vyote vinaingia kwenye ile robo. Watu wanaacha wali, wanahamia mihogo ya nazi sufuria nzima, kisha wanasema njia haifanyi kazi. Muhogo mbichi una wanga kama gramu 38 kwa kila gramu 100. Kiazi kitamu kina kama 20.

Maharage, kunde na choroko vina wanga na protini kwa pamoja, tena vina nyuzinyuzi nyingi. Mimi siku ya maharage sili ugali. Bakuli la maharage, kisamvu na kipande cha samaki, nimeshiba mpaka usiku.

Familia wapikie chakula kilekile. Mume wangu na watoto wanakula ugali wao kama zamani, mimi nakula mboga zaidi kutoka sufuria hiyohiyo. Ukianza kupika vyungu viwili utachoka wiki ya pili.

5. Maji na chumvi, siku kumi za mwanzo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hushikana na maji. Ukipunguza wanga akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, na chumvi inaondoka nayo. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo mbili. Furahi, ila ujue mengi ya hayo ni maji. Na ndiyo maana kichwa kinauma na miguu inakuwa mizito. Kunywa maji, na kunywa supu yenye chumvi ya kawaida kikombe kimoja kwa siku. Mwenye presha au tatizo la moyo asijiongezee chumvi bila ruhusa ya daktari.

6. Chagua mafuta kwa akili. Hapa niliteleza. Nilisoma kwamba ukipunguza wanga mafuta ni ruhusa, nikaweka samli kwenye mayai, tui zito kila jioni, ngozi ya kuku sikuitupa. Mwezi wa sita nilirudi maabara. Sukari imeshuka, presha imeshuka, mafuta yanayoitwa traigliseridi yameshuka. Lakini lehemu (kolesteroli) mbaya, ile wanayoiandika LDL, ilikuwa imepanda kutoka 3.1 hadi 4.3. Niliogopa sana, maana baba yangu aliondoka kwa kiharusi.

Daktari hakuniambia nirudi kwenye ugali. Aliniambia nibadili aina ya mafuta. Nikapikia alizeti, tui nikaliacha kwa Jumamosi na Jumapili, nyama nyekundu mara moja kwa wiki, samaki mara nne, parachichi kila siku. Baada ya miezi mitatu LDL ilisoma 3.3. Siyo kila anayepunguza wanga hupanda hivyo, lakini bila kupima huwezi kujua wewe uko upande gani.

7. Jiandae kwa shughuli. Tanga hapa shughuli haziishi, nami siwezi kumwambia mtu akatae pilau la harusi ya mtoto wa dada yake. Kula kachumbari na nyama kwanza, kisha pilau ngumi moja, na soda uwaachie wengine uombe maji. Mlo unaofuata rudi kwenye sahani yako. Mwezi wa Ramadhani nafungua kwa tende moja na maji, nakunywa supu, naenda kuswali, ndipo nakula. Nikirudi kutoka kuswali njaa imetulia na mkono hauiendei mihogo kwa pupa. Anayetumia dawa za sukari aonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

8. Pima na andika. Uzito na kiuno mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Kiuno zungusha tepu juu ya kitovu kidogo, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Sukari ya kufunga na presha baada ya wiki nne. Sukari ya miezi mitatu na mafuta ya damu baada ya wiki kumi na mbili. Mapema zaidi ya hapo ile HbA1c bado inakusimulia maisha yako ya zamani.

Makosa ninayoyaona sana

Kubwa ni kukata wanga na mafuta na chakula chote kwa pamoja. Mtu anabaki na tango na chai ya rangi, siku ya nne anatetemeka, siku ya tano anakula sufuria. Punguza wanga, lakini shiba kwa mboga na kitoweo.

La pili ni karanga na korosho. Zinaliwa huku mkono ukishona, hakuna anayehesabu. Gramu 100 za korosho zina wanga gramu 30 na mafuta mengi. Chota kiganja, funga mfuko, uweke mbali.

La tatu ni matunda. Sikatazi. Papai kipande, chungwa moja, pera, vinatosha. Msimu wa embe ukija kula moja, usikae chini ya mti na ndoo. Parachichi ndilo lenye wanga kidogo kuliko yote haya.

Na la nne, kuacha dawa kwa sababu mashine imesoma vizuri wiki moja. Dawa anapunguza daktari.

Ikitokea shida

*Kichwa kinauma, uchovu, hasira za bure.* Kawaida kati ya siku ya pili na ya saba. Rudi hatua ya tano. Ikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe, usiendelee kulaumu wanga.

*Choo kigumu.* Nyama imezidi mboga. Ongeza bamia, matembele, kisamvu, maji na papai.

*Misuli ya mguu inakaza usiku.* Maji na chumvi vimepungua. Mchicha, parachichi na maharage vinasaidia kwa madini yake.

*Mdomo unanuka kama matunda yaliyochacha.* Mwili unachoma mafuta, hutokea zaidi ukishuka chini sana. Ongeza ngumi moja ya wanga, itapungua. Lakini kama una kisukari na harufu hiyo inakuja na kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma au kuhema kwa kasi, usisubiri asubuhi: nenda hospitali usiku huohuo na ubebe dawa zako uwaonyeshe.

*Kidole gumba cha mguu kimevimba na kinauma.* Mwenye jongo anaweza kushtuliwa wiki za mwanzo. Punguza nyama na dagaa, kunywa maji, muone daktari.

*Nywele zinadondoka mwezi wa tatu.* Zilinidondoka mimi, zikajaa kwenye kitana. Hutokea mtu akipungua haraka. Nilipoongeza chakula, mayai hasa, baada ya miezi michache zikarudi.

*Uzito umekwama.* Nilikwama wiki saba kwenye kilo 84. Tepu ilikuwa inaendelea kushuka, nikatulia. Kama na tepu imekwama, rudi hatua ya kwanza, andika siku tatu. Mimi nilikuta ngumi yangu imekuwa ngumi mbili bila mimi kujua.

*Unatoka jasho, unatetemeka, unachanganyikiwa.* Pima. Chini ya 4 kunywa vijiko vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado rudia. Ikipanda, kula kitu chenye wanga. Mtu akizimia usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Na hata akipata nafuu, siku hiyohiyo dawa zake zikaangaliwe. Mama mdogo alipopelekwa kliniki alipunguziwa kidonge hadi nusu, baadaye kikaondolewa akabaki na metformin. Sasa anakula ugali ngumi moja mchana, na kwenye pindo la kanga, pembeni ya hela, amefunga pakiti mbili ndogo za sukari. Lile fundo analifunga legelege.